Sigara ya Saa Nne

Kikao cha asubuhi kimeanza saa tatu. Viti vimepangwa mduara, mshauri amesimama na kalamu mbele ya ubao, na mada ya leo ni vichochezi: watu, mahali na vitu vinavyomrudisha mraibu alikotoka. Wamekaa kumi na wawili. Kuna mwenye siku tisa, kuna mwenye hamsini na tatu. Mmoja anasema kinachomwangusha yeye ni harufu ya baa. Mwingine anasema ni kushika mshahara. Yote yanaandikwa ubaoni. Ikikaribia saa nne, magoti yanaanza kutikisika na macho yanahamia kwenye saa ya ukutani. Saa nne kamili mlango unafunguliwa na karibu wote, mshauri akiwa wa tatu kutoka, wanaelekea uani penye ndoo ya mchanga iliyojaa vipisi. Kiberiti kimoja kinapita mikononi mwa watu kumi. Pafu la kwanza linavutwa macho yamefumbwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nyuso zinalegea.

Ndani, kwenye kona ya ubao, kuna maandishi ya jana ambayo hayajafutwa: dalili za uraibu. Kutamani kitu kupita kiasi. Kujaribu kupunguza ukashindwa. Kuendelea ilhali unajua kinakuumiza. Kupata arosto ukikikosa. Hakuna mstari hata mmoja usiowahusu walioko uani, kwa kitu walichokishika vidoleni dakika hiyo hiyo.

Kutoka ubaoni hadi kwenye ndoo ni hatua ishirini. Tiba ya uraibu imetumia miongo kadhaa kuzitembea, na vituo vingi bado viko katikati ya njia, vikijiambia kwamba sigara ni jambo dogo, litatazamwa baadaye, mgonjwa akishamalizana na kile kikubwa. Nadhani hesabu hiyo ilikosewa mwanzoni kabisa, pale ilipoamuliwa kipi kikubwa na kipi kidogo.

Mwaka 1996 daktari Richard Hurt na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 845 waliolazwa kati ya 1972 na 1983 kwa tiba ya ulevi na dawa nyingine za kulevya. Walitaka kujua nani amekufa, na amekufa kwa nini. Waliokufa walikuwa 222. Kati ya 214 ambao chanzo cha kifo kilijulikana, 109 waliondolewa na maradhi yanayohusishwa na tumbaku, na 73 na yale yanayohusishwa na pombe. Hawa ni watu ambao familia zao zilikesha kwa sababu ya chupa, wakapelekwa kulazwa kwa sababu ya chupa, na wengi wao wakazikwa kwa sababu ya kitu ambacho sicho kilichowapeleka kulazwa.

Hata historia ya harakati za kuacha pombe ina kaburi la namna hiyo. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935, alikaa zaidi ya miaka 36 bila kunywa. Alikuwa mvutaji mkubwa. Alifariki Januari 1971 kwa ugonjwa wa mapafu.

Na wavutaji wa leo vituoni si wachache. Mapitio ya tafiti kutoka nchi 20, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuta asilimia 84 ya walioko kwenye tiba ya uraibu wanavuta, ilhali kwa watu wa kawaida waliolinganishwa nao ni asilimia 31. Tatizo linalowakumba zaidi ya wanane katika kila kumi, fomu ya mapokezi huliandika kwenye mstari mmoja, jirani na jina la ndugu wa karibu, na halizungumzwi tena hadi siku ya kuruhusiwa.

Utetezi unaosikika kila mahali ni ule wa mzigo. Mtu ameacha unga, ameacha chupa, ameachana na marafiki wa miaka yote. Na sigara nayo umnyang'anye? Atakimbia huyo. Atarudia. Utetezi huu una huruma ndani yake, ndiyo maana umedumu, na wengi wanaousema wamewahi kukaa kwenye viti hivyo hivyo wakihesabu siku. Siwacheki. Lakini ni dai linaloweza kupimwa, na limepimwa.

Mwaka 2004 Judith Prochaska na wenzake walikusanya majaribio 19 ambamo wagonjwa wa uraibu walisaidiwa kuacha sigara wakiwa bado kwenye tiba au wakiwa wameshapata nafuu. Waliosaidiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25, wa kubaki safi kwa muda mrefu bila pombe na dawa za kulevya. Mwaka 2016 mapitio mengine ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha tafiti 34 na watu karibu 5,800, yalikuwa na lugha ya tahadhari zaidi: tiba ya tumbaku inawasaidia waache tumbaku, na kuacha kwao pombe au dawa nyingine hakuharibiki. Unaweza kuchagua jibu la matumaini au la tahadhari. Katika yote mawili, ile picha ya mgonjwa anayeanguka kwa kuwa kanyimwa fegi haionekani.

Upo utafiti mmoja unaokwenda kinyume, na anayetetea upande wangu hana budi kuuweka mezani. Anne Joseph na wenzake, nao mwaka 2004, waliwagawa wavutaji 499 waliokuwa wakitibiwa ulevi: wengine wakaanza tiba ya sigara papo hapo, wengine wakasubiri miezi sita. Kwa sigara, mwishoni makundi yalilingana. Kwa pombe, walioanza yote kwa pamoja walifanya vibaya kuliko waliosubiri. Kwa hiyo si kweli kwamba kila mlevi asukumwe aache vyote Jumatatu moja. Lakini tazama "kusubiri" kulikuwaje katika utafiti ule. Miezi sita ilipotimia kulikuwa na mtu aliyemtafuta mgonjwa na tiba mkononi, na hata hivyo waliojitokeza walikuwa wachache kuliko wa lile kundi la kwanza. Katika vituo vya kawaida "baadaye" haina tarehe wala mtu. Daktari akiniambia kwamba mgonjwa fulani wa pombe ni afadhali asubiri, nitamuuliza siku gani, na nani atampigia simu. Akikosa majibu hayo mawili, huko si kusubiri.

Turudi kwenye magoti yanayotikisika, maana hapo ndipo wagonjwa wenyewe hudanganyika, na washauri pamoja nao. Moshi ukishavutwa, nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20 na kuamsha dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, kwenye njia ile ile ambayo heroini, kokeini na pombe hupitia. Ripoti ya mwaka 1988 ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, C. Everett Koop, ilisema bila kuzunguka kwamba uraibu wa tumbaku unafanana na ule wa heroini na kokeini. Kisha kiasi cha nikotini mwilini hushuka kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Aliyevuta baada ya chai ya asubuhi, ikikaribia saa nne ameshaanza kupungukiwa. Hawezi kutulia, hamsikii mshauri, kila mtu anamkera. Akivuta, yote yanaondoka. Atakuapia kwamba sigara inamtuliza, naye hasemi uongo: inamtuliza kutokana na arosto ambayo sigara iliyotangulia ndiyo iliyoileta.

Sasa weka hali hiyo ndani ya mwili unaotoka kwenye heroini au pombe. Usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, huzuni isiyo na jina, kushindwa kukaza akili: hizo ni dalili za wiki za mwanzo za kuacha unga, na ndizo dalili za kukosa nikotini. Mgonjwa anazipata mara nyingi kwa siku, kila sigara inapoisha nguvu, na hajui zinatoka wapi. Anachojua ni kwamba akijisikia hivyo, kuna kitu cha kuweka mwilini na hali itabadilika sekunde hiyo hiyo. Hilo ndilo somo ambalo kituo kizima kimejengwa ili alisahau, na analirudia mara ishirini kwa siku kwa ruhusa ya uongozi. Utafiti wa Andrea Weinberger na wenzake, uliotoka mwaka 2017 na kutumia takwimu za kitaifa za Marekani, ulikuta kwamba waliokwisha kupata nafuu ya uraibu lakini wakaendelea kuvuta, au wakaanza kuvuta, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia miaka mitatu baadaye. Takwimu za namna hiyo hazithibitishi kwamba sigara ndiyo iliyowaangusha. Mlevi wa zamani, hata hivyo, hahitaji takwimu kukueleza mkono wake wa kulia ulikuwa na nini wakati wa kushoto umeshika glasi.

Kwa wanaotumia methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga, kuna la ziada ambalo halisemwi vya kutosha. Majaribio yameonyesha kwamba uvutaji huongezeka katika saa zinazofuata dozi. Nenda kwenye dirisha la kutolea methadoni asubuhi, utazame pembeni walipokusanyika waliokwisha kunywa.

Huruma peke yake haielezi kwa nini sigara imedumu vituoni. Imedumu kwa sababu ina kazi. Ni saa: siku inagawanywa kwa mapumziko ya kuvuta. Ni sarafu: sigara mbili kwa zamu ya kuosha vyombo, moja kwa kuazimwa simu. Na katika vituo vingine ni fimbo, nami hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Mgonjwa aliyechelewa kikao anakatiwa sigara za mchana. Aliyefagia vizuri anaongezewa. Mfanyakazi anayefanya hivyo hajioni kama mtu anayegawa dawa ya kulevya kwa ajili ya nidhamu, lakini hebu badilisha jina la kitu hicho uone kama sentensi inasemeka. Uongozi unaosimamia amani ya nyumba kwa nikotini una kila sababu ya kuamini kwamba wagonjwa hawako tayari kuacha.

Kampuni za tumbaku nazo hazikulala. Nyaraka zao za ndani, zilizochambuliwa na Dorie Apollonio na Ruth Malone mwaka 2005, zilionyesha jinsi zilivyowalenga watu wasio na makazi na wagonjwa wa akili, ikiwa ni pamoja na kugawa sigara za bure kwenye makazi ya hisani. Mteja asiye na wa kumsemea ni mteja mzuri.

Halafu kuna wafanyakazi. Washauri wengi wametoka kwenye uraibu wenyewe, na hiyo ndiyo nguvu yao. Mgonjwa anawaamini kwa sababu walilala alikolala. Wengi pia bado wanavuta. Mshauri mvutaji hulikwepa suala la sigara kwa aibu ya kawaida tu ya kibinadamu, hana haja ya kuwa na nia mbaya: atamwambia nini mtu waliyewashiana kiberiti saa nne? Ndiyo maana napinga mpango wowote unaoanza na wagonjwa. Uanze na wafanyakazi, kwa dawa na kwa muda wa kutosha, bila kufukuzana. Kituo ambacho mshauri wake mmoja ameacha, na anaeleza kikaoni jinsi wiki ya kwanza ilivyomtesa, kimepata mwalimu ambaye bango la ukutani haliwezi kuwa.

Dawa zipo, na si za majaribio. Mabandiko ya ngozini na chingamu za nikotini yamo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Vidonge vya kusaidia kuacha sigara, bupropioni na vareniklini, viliongezwa 2021. Hofu kwamba vareniklini huvuruga akili ilipimwa kwa watu zaidi ya 8,000, nusu yao wenye historia ya magonjwa ya akili, na matokeo ya mwaka 2016 hayakuonyesha ongezeko la maana kuliko kwa waliobandikwa nikotini au kupewa kidonge kisicho na dawa. Mwishoni mwa mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani ililiondoa lile onyo kubwa lililokuwa limewatisha madaktari.

Lakini anayetoa dawa hizi kituoni lazima ajue yuko kituoni. Bupropioni hushusha kinga ya ubongo dhidi ya degedege, kwa hiyo haipewi mtu anayekatishwa ghafla pombe au vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, ambaye tayari yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Bandiko halina tatizo hilo. Na kuna suala la kahawa, ambalo nalipenda kwa sababu linaonyesha jinsi mambo madogo yanavyoweza kumuumbua mtaalamu. Moshi wa tumbaku, moshi wenyewe, huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Mvutaji akiacha, kimeng'enya kinapungua na kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Vikombe vile vile vinne vinaweza kufanya kazi ya vinane. Mgonjwa anatetemeka, moyo unamwenda mbio, usiku hafumbi jicho, na kila mtu anasema ni sigara inamdai. Kumbe ni birika. Punguza kahawa kwa nusu siku anayoacha. Kimeng'enya hicho hicho huvunja klozapini na olanzapini, dawa za akili ambazo baadhi ya wagonjwa hawa wanazitumia, na hapo kutokujua kuna gharama kubwa kuliko kukosa usingizi: kipimo kilichokuwa sawa kwa mvutaji kinaweza kuwa kingi mno kwa aliyeacha.

Njia ya mkato iliyowavutia wengi ni kupiga marufuku. Jimbo la New Jersey, Marekani, liliweka kanuni mwaka 2001 kwamba vituo vyake vya kulaza waraibu viwe huru na moshi na vitibu utegemezi wa tumbaku; New York ikafuata mwaka 2008 na kuvigusa vituo vyote, hata vya wagonjwa wa kwenda na kurudi. Wengi walitabiri vitanda vitupu. Tathmini ya New Jersey haikukuta ongezeko la wanaokatisha tiba kwa sababu ya sera hiyo. Ila kanuni ile ilikuwa na maneno mawili, moshi na tiba, na wanaoiga husikia la kwanza tu. Bango linapigiliwa ukutani, ndoo inaondolewa, hakuna bandiko wala ushauri, na baada ya wiki moja sigara zinavutwa chooni, zinauzwa mara mbili ya thamani yake, na mlinzi amekuwa polisi. Hapo kituo kimewafundisha wagonjwa wake kurudi kwenye kuficha, ujuzi ambao walikuja nao ukiwa umekamilika.

Na kuna jambo moja ambalo sitalijadili kwa upole. Mgonjwa wa heroini asifukuzwe kituoni kwa kukutwa na sigara. Mwili uliokaa wiki tatu bila heroini umepoteza ustahimilivu wake. Kipimo alichokizoea siku anaingia kinaweza kumuua siku anatoka. Sigara ingemuua baada ya miaka ishirini. Kumtupa nje ya geti akiwa na hasira na mfuko wa nguo kunaweza kumuua kabla ya Ijumaa. Akikutwa anavuta, aulizwe bandiko lina nguvu kiasi gani na kama linatosha, kama vile angeulizwa kuhusu dozi ya methadoni isiyomkalia vizuri.

Sigara za umeme zinanigawa. Ushahidi kwamba zenye nikotini huwasaidia watu wazima kuacha sigara za kawaida umekuwa mzito, na kwa mvutaji wa pakiti mbili aliyeshindwa kwa kila kitu kingine sioni sababu ya kumnyima. Kuzifanya ndizo mpango wa kituo kizima, hapana.

Mtu akiniuliza aanzie wapi kesho asubuhi, nitamwambia aanze na fomu ile ya mapokezi. Mstari wa "Unavuta? Ndiyo/Hapana" ufutwe na swali lingine liwekwe: ukiamka asubuhi, inapita dakika ngapi kabla ya sigara ya kwanza? Anayejibu kwamba hazifiki tano amekueleza ukubwa wa uraibu wake kuliko anayekuhesabia vipisi. Huyo abandikwe nikotini siku hiyo hiyo anapopokelewa, hata kama hajaamua kuacha, ili kikao chake cha kwanza asikisikilize kwa nusu ya akili.

Kisha aende uani saa nne, akae pembeni atazame. Ataona mwenye siku tisa akimweleza mwenye hamsini na tatu jambo ambalo hakulisema kwenye mduara. Ataona mshauri akiitwa kwa jina lake la utani. Mazungumzo ya kweli zaidi ya siku nzima hufanyika pale kwenye ndoo, na anayeondoa sigara akaondoa na zile dakika kumi na tano atakuwa amewanyang'anya wagonjwa kitu ambacho kilikuwa kinawatibu. Mlango uendelee kufunguliwa saa nne. Viti vitolewe nje, vikae kivulini, na mshauri aendelee kuwa wa tatu kutoka, na mfukoni, badala ya kiberiti, awe na pakiti ya chingamu ya nikotini ya kuwagawia wenzake.